Shungi Nyeupe za Kangle

Guangzhou,
Mfungo tatu, Desemba 2008

Mdogo wangu Bimkubwa,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu ya dini naongeza ya damu: hujambo wewe, mama hajambo, nyumba nzima haijambo? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kulia limeanza kulalamika kila nipandapo lile daraja la waendao kwa miguu hapa Xiaobei. Mama anakula vizuri? Ile dawa ya macho niliyompa mtu wa Malindi imefika? Nimesikia kwamba Idi mlichinja na nyama ikafika mpaka kwa majirani wa nyuma, nikafurahi. Sisi hapa tuliswali katika msikiti mkongwe, baridi imetuingia mifupani, kisha tukaenda kula biriani katika mkahawa wa jirani. Sikumaliza sahani. Siku hizi simalizi sahani wala sikai kitako. Barua hii nimeianza chumbani, nikaihamishia mkahawani, na sasa naiendeleza kwenye ghala la wakala wa mizigo, nimesimama, karatasi iko juu ya robota la mtu. Ukiona mwandiko unabadilika usidhani nimeugua.

Mwanao Dullah naambiwa yupo nawe dukani tangu Oktoba, anakusaidia kupanga bidhaa. Nitamsalimia mwisho wa barua.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako ya dukani, mdogo wangu, hupokewa na kila mwenye mkono mtupu, na ukiipokea mwenyewe unaiweka sauti kubwa ili mama naye asikie. Haya niliyo nayo yanataka usome peke yako, umekaa, mlango umeurudisha. Anakuletea Swalha, yule binti wa Ilala anayenunua viatu, ambaye anaondoka kesho na atavuka Unguja kumtembelea shangazi yake. Mpe chai, asiondoke hivi hivi. Ni mtoto mwenye adabu na hajauliza alichobeba.

Nianze na hali ya hapa, maana wewe unanijua, siwezi kueleza jambo bila kulichimba mzizi. Mwaka jana wakati kama huu, katika minara hii ya maduka ya jumla, watu walikuwa wakipita kwa bega. Ukitaja bei ndogo, laoban, yaani bosi, alikuwa anacheka na kukujibu mei you, hakuna, kisha anarudi kwenye chakula chake. Leo ukitaja bei ndogo anakushika mkono na kukuomba utaje nyingine. Mwezi wa tisa, benki kubwa ya Marekani ilipoanguka, sisi tuliitazama kwenye televisheni kama mtu anavyotazama mafuriko ya nchi nyingine. Kufika Oktoba nikaenda Pazhou kwenye maonyesho ya biashara. Kumbi zilezile, taa zilezile, lakini wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Msichana mmoja wa kampuni ya masufuria alinipa kadi yake, kisha akanifuata akanipa tena, amekwisha kusahau kwamba mwanzo alinipa mimi.

Baada ya hapo viwanda vikaanza kufungwa. Bosi anatoka jioni na gari yake, asubuhi wafanyakazi wanakuta kufuli. Wenzetu waliokwisha kutoa arbuni wamebaki na risiti. Viza nazo zimebana tangu kabla ya Olimpiki, wengine wamenyimwa, wengine wamerudi nyumbani bila kuaga. Kuna asubuhi nashuka mtaani natafuta sura ninazozijua, nakuta nyingi hazipo. Basi natembea tu. Naingia mnara huu, natoka, naingia ule, sinunui, nauliza bei za vitu nisivyovihitaji.

Sasa najua unangoja nianze na Wabulgaria wangu, na najua umeshaanza kucheka. Tangu niliporudi kutoka Sofia umekuwa ukiwaambia watu kwamba serikali ilinipeleka Ulaya kusomea uchumi, nikarudi na habari za wauza sufi. Ni kweli, na leo nakuomba uvumilie kidogo, kwa sababu bila wao nisingefanya nililolifanya wiki hii.

Wale watu, karne ya kumi na tisa, walikuwa raia wa dola ya Uthmaniya. Walikaa miji ya milimani, wake zao na majirani zao wakisokota sufi na kufuma kitambaa kizito kiitwacho aba. Kitambaa hicho ndicho kilichovalisha askari wa sultani. Biashara ikakua, wakafungua maduka Plovdiv, wakafungua Istanbul, wengine wakafika Bucharest na Vienna. Lakini taabu haikuwaacha. Mara vilikuja vitambaa vya rahisi vya mashine kutoka Uingereza. Mara vita viliisha na askari wakawa hawahitaji nguo mpya. Halafu mwaka 1875 dola yenyewe ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake yote, na si miaka mingi baadaye mpaka mpya ukapita kati yao na soko lao la zamani. Hebu fikiri umeshona nguo za jeshi zima, na jeshi halichukui. Nguo ya askari utamuuzia nani?

Nilikaa miaka nikisoma namna walivyojinusuru. Wako waliogeukia nafaka, wako waliogeukia mafuta ya waridi, wako walionunua ardhi wakaachana na duka. Wako waliofilisika kabisa, hao tusiwasahau, maana wanafunzi wangu, nilipokuwa nikifundisha, walipenda kuwasahau. Ila jambo lililokuwa likinigusa kila nikisoma barua zao ni lile la ndugu. Nyumba moja ya biashara ilikuwa na kaka Istanbul, mdogo wake Plovdiv, mpwa amepelekwa mji wa tatu kujifunza kazi kwa mjomba. Mmoja mzigo ukimkwamia, mwingine anaupokea, hata kama hakuuagiza, hata kama una harufu. Analalamika katika barua, anatukana kidogo kwa heshima, kisha anaupokea. Soko likiwa zuri huyaoni haya. Likiharibika ndipo barua zinapokuwa ndefu.

Kariuki, huyu wakala wa mizigo ambaye ghala lake limenihifadhi kama paka, amezisikia habari hizi mara nyingi kuliko wewe. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi kwamba hao jamaa wa Bulgaria, kama kweli walikuwa wajanja hivyo, mbona hawako hapa leo wanagombania nafasi ya kontena na sisi. Nikamwambia wapo, tena wanauza pikipiki hapo chini. Akaniambia Mzee, we ni noma, akarudi kwenye mizani yake.

Mzaha wake wa kontena ulinichoma kuliko alivyojua, maana kontena ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nieleze.

Mwezi wa saba, kabla ya haya yote, kijana mmoja wa kwetu aliniomba nimpeleke Kangle. Ni kijiji kilichomezwa na mji, upande wa pili wa mto, karibu na masoko ya vitambaa. Vichochoro vyake ni vyembamba, mchana taa zinawaka, na kila mlango unasikia cherehani. Kijana alikuwa na wazo, na mimi nililiona zuri. Alitaka kushonesha shungi nyeupe za wasichana wa shule, za kitambaa chepesi kisichojikunja, zifike Unguja shule zikifunguliwa Januari. Unajua kila mwaka mama watu wanavyohangaika kuzitafuta, na zinazopatikana zinavyogeuka manjano kwa kufuliwa mara mbili tatu. Nikampeleka kwa Bibi Liang, mama mwenye karakana ndogo ya washonaji wanawake, ambaye nilikuwa nimefanya naye kazi ya foronya zako mwaka juzi.

Hapo nilifanya jambo ambalo kwetu si chochote. Niliingia naye, nikakaa naye kwenye sinia la chai, nikanywa vikombe vyangu huku wao wakipatana. Sikutia saini, sikusema neno la dhamana. Kwetu mkubwa akimsindikiza mdogo ni adabu tu. Kwa Bibi Liang mkubwa aliyekaa kwenye chai ya kwanza ndiye mlango wa mgeni, na mambo yakienda kombo mlango huo ndio unaogongwa. Sikulijua hilo. Lakini hata ningelijua ningekunywa ile chai, kwa sababu nitakayokueleza.

Kijana akalipa arbuni, kazi ikaanza. Oktoba mteja wake wa jumla wa Kariakoo akajitoa, akasema watu hawana fedha. Viza ya kijana nayo ikawa inakwisha. Badala ya kuja kwangu akapanda ndege. Bibi Liang alipompigia, simu haikupokewa. Yeye akaendelea kushona, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimekwisha kukatwa na washonaji walikuwa hawana kazi nyingine.

Nilijua haya yote Novemba, aliponijia mwenyewe Xiaobei, amevaa koti la mumewe, amefuatana na Imelda. Imelda ni binti wa Bukoba anayesoma udaktari hapa kwa msaada wa serikali, Kichina chake ni safi, na mara nyingi hunisaidia kutafsiri nikimlipia wali. Nilidhani nitadaiwa. Kumbe Bibi Liang hakuanza na fedha. Alimwambia Imelda aniombe niende nikazitazame shungi, na Imelda alipokuwa akitafsiri niliona anauma mdomo asicheke.

Tukaenda. Bimkubwa, sijui nikusimulie vipi. Karakana yote ilikuwa nyeupe. Shungi zimekunjwa mafungu kwa mafungu mpaka dirishani, nyingine zimetundikwa kwenye kamba zikingoja kupigwa pasi, zile pembe za kidevuni zimening'inia. Wewe ungeona asubuhi ya shule, wasichana wanatoka Forodhani wamepanga mstari. Washonaji waliona kitu kingine. Hapa kitambaa cheupe cha kichwani huvaliwa na mfiwa. Mtu akifa wanawe na wakwe zake hufunga vichwa kwa kitambaa cheupe, na wanawake wale, wengi wao wametoka vijijini, kwa miezi walikuwa wameshona vazi la msiba kwa maelfu bila kujua maiti ni nani. Na mwaka mpya wao unakaribia, wakati ambao hata neno la kifo halitajwi nyumbani.

Imelda akanieleza yaliyosemwa. Mwanzoni walicheka, wakajaribu kuzivaa, wakatishana. Oda nyingine zilipoanza kufutwa wakaacha kucheka. Karakana ya jirani ikafungwa. Mkwe wa Bibi Liang, kikongwe anayekaa ghorofani, akashuka, akaona, akapanda tena, na tangu siku hiyo hali chakula kinachopikwa nyumba hiyo. Washonaji wawili wakaondoka, wakasema kazi hii ndiyo iliyoita njaa. Nilitaka kumweleza Bibi Liang kwamba njaa imetoka kwenye mabenki ya Marekani na mikopo ya nyumba, nikaanza kabisa, nikafika katikati. Imelda akaniambia polepole kwamba Babu, haya siyatafsiri, mama huyu amechoka.

Nikaikata hotuba hapo hapo. Si kawaida yangu, na nadhani hata Imelda alishtuka.

Bibi Liang alichoomba kilikuwa kifupi. Nizitoe. Nizitoe kabla mwaka haujageuka. Mwaka huu, mdogo wangu, hakuna karakana hapa inayotoa hata soksi bila fedha taslimu mkononi. Yeye akasema salio nitalipa zikiuzwa, mradi nimpe neno kwamba litafika kabla washonaji hawajaondoka kwenda makwao kwa sikukuu, maana mishahara yao ya miezi mitatu imo humo kwenye shungi. Sikukuu yao ni mwisho wa Januari. Akamimina chai akanisukumia kikombe. Safari hii nilijua ninachokunywa.

Nikatoka pale miguu haitulii. Nilitembea kutoka Kangle mpaka mtoni, nikavuka daraja kwa miguu, mimi na goti langu. Maana kuzitoa shungi ni jambo moja, kuzisafirisha ni jambo lingine. Wafanyabiashara wamepungua, na kontena la Kariuki la kuchangia, ambalo zamani lilijaa kwa wiki, safari hii lilijaa kwa zaidi ya mwezi. Aliniambia wazi kwamba hilo ndilo la mwisho kabla ya sikukuu. Linalofuata labda Machi, Mungu akipenda na watu wakirudi. Na lilikuwa limejaa. Nilimwendea mtu wa Dar mwenye vioo, akakataa. Nilimwendea Mkongo mwenye vitenge, akanieleza kwa Kifaransa kirefu kitu ambacho mwisho wake kilikuwa hapana. Sikuwalaumu. Kila mtu ana mteja anayemngoja.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa napaogopa tangu mstari wa kwanza, kwa hiyo niandike bila kuzunguka. Mzigo mmoja tu ndani ya kontena ulikuwa mikononi mwangu. Mapazia na mashuka ya maharusi uliyoagiza, marobota yako yote, nimeyatoa. Yamo humu ghalani, na robota ninaloandikia, niliposema ni la mtu, ni lako. Mahali pake nimepakia shungi. Kontena limeondoka juzi. Litakapofika mwanzo wa Januari, kwa jina lako, hutakuta hata pazia moja.

Najua umewaahidi maharusi. Najua umeshapokea vitangulizi kwa baadhi yao, na najua wengine ni watu wa kusema. Sikukuuliza. Ningekuuliza ungekataa, na ungekuwa na haki, na mimi ningebaki na karakana nyeupe na wanawake wasio na nauli. Nimekuamulia kwa nguvu ya ukubwa, jambo ambalo baba alitukataza, na sikuombi uniambie nimefanya vizuri.

Lakini kuna la pili, na ndilo lililonifanya nimchague Swalha badala ya simu. Huyo kijana wa kwetu ni Dullah.

Nimemwita kijana mmoja kwa sababu ungeliona jina lake kwenye mstari wa kwanza, wa pili usingeusoma. Sasa umesoma. Mwanao hakurudi kwa ajili ya viza peke yake. Alirudi kwa sababu aliona aibu kuja kwangu na kusema Mjomba, nimekwama. Alikuwa na wazo zuri, akafanya hesabu nzuri, soko likavunjika chini yake kama lilivyovunjika chini ya watu wenye mvi. Kosa lake si shungi. Kosa lake ni kukimbia mahali ambapo mjomba wake yupo hapo hapo, kituo kimoja cha treni. Ndiyo maana nilikuambia kwamba hata ningeijua mila ya ile chai ningekunywa. Mimi ndiye niliyekuahidi uwanja wa ndege kwamba mtoto huyu ni wangu. Na nakuambia kweli, kilichoniuma kuliko yote si maharusi wako. Ni kwamba alinipigia simu siku ya Idi, akanipa mkono wa sikukuu, akaniuliza goti, akacheka, akakata. Nilimsikia anavyokwepa, nami sikumuuliza, kwa kuwa ulikuwa karibu yake unaimba.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Kesho au keshokutwa, nenda kwa walimu wakuu wa shule za wasichana mnaofahamiana nao, anza na yule rafiki yako wa Kikwajuni. Nenda wewe mwenyewe, wanakujua. Kuna kipande cha ushungi nimekifunga pamoja na barua hii, kishike, kikunje kwenye ngumi, kikunjue mbele yao, waone kinavyorudi. Zimeshonwa na watu waliokuwa wanaziogopa, na bado mshono umenyooka. Wauzie walimu kwa mafungu, kwa bei ya haki, shule zikifunguliwa ziwe zimefika mikononi mwa watoto. Nusu ya mwezi inatosha kama utaanza sasa. Kitakachopatikana, toa kwanza cha Bibi Liang, mpe Swalha au kitume kwa njia ya Kariuki, kisha wewe, kisha maharusi wako, ambao nitawaandikia mimi kuomba radhi mmoja mmoja ukinipa majina.

Mimi sitakuja Januari kama nilivyomwahidi mama. Tiketi nimeirudisha. Nimemwambia Bibi Liang kwamba hadi fedha zifike nitakuwa nakwenda Kangle kila baada ya swala ya Ijumaa kunywa chai, ili anione kwamba nipo. Nimekwenda mara ya kwanza jana. Kikongwe wa ghorofani alishuka, akazunguka chumba kitupu, akaketi nasi, akala tende nilizobeba. Alimuuliza Imelda kama huyu mzee hana kazi. Imelda akamjibu kwamba hii ndiyo kazi yake. Nilikaa pale saa nzima bila kuinuka. Ndiyo mara ya kwanza tangu Oktoba.

Kuhusu Dullah. Usimwambie. Najua hili ni gumu kwako kuliko kuuza, maana atakuwa anakula pilau yako kila siku nawe unamtazama, na ulimi wako naujua. Mfanyie chai, mwache apange rafu, mwache akudanganye kwamba Kariakoo mambo ni mazuri. Kontena likifika usiende wewe. Mtume yeye bandarini na karatasi za mizigo, mwambie akapokee mapazia yako, ayahesabu vizuri kwa sababu mjomba siku hizi anasahau. Usimpeleke na mtu. Wewe kaa dukani, weka kiti cha pili kando yako, ungoje. Afungue mlango wa kontena mwenyewe.

Msalimie mama, mbusu mikono kwa niaba yangu, mwambie nimechelewa kwa sababu ya kazi, asifikirie kingine. Wasalimie jirani wote wa barazani, na yule fundi redio bado ana salamu zangu. Tafadhali nijibu kwa maandishi, hata kama ni ya kunitukana, nitayasoma yote.

Na Dullah, ambaye nilisema nitamsalimia mwisho: salamu zake nimezipakia. Atazikuta.

Ni mimi kaka yako,
Khatib